Watu Mia Tatu na Kumi na Wawili

Mvua ya Valdivia haina haya, Millaray.
Ilianza Aprili, na huu ni mwezi wa nane,
bado inagonga bati la nyumba ya Bi Edelmira
kama mdai asiyejua saa za watu kulala.

Ni mimi niliyesema twende Pucón.
Darasa zima la uuguzi linakwenda, nilisema,
usiku mmoja tu, maji ya moto katikati ya theluji,
picha moja tu, utabaki nyuma peke yako?
Ukatazama viatu vyako vilivyoachama midomo,
ukacheka: "Sibaki."
Sikukuuliza pesa utatoa wapi.
Sisi tulio nazo hatuna mazoea ya kuuliza.

Dakika sita zilitosha.
Programu yenye nembo ya kondoo mdogo mweupe
(kondoo, hebu fikiri, kwa binti wa wafuga kondoo)
haikutaka mdhamini, haikutaka sahihi ya baba.
Iliomba ruhusa tu.
Niguse picha zako? Ndiyo.
Nijue ulipo? Ndiyo.
Nione majina ya watu wako?
Ndiyo, ndiyo, kama mtu anayefukuza nzi.

Peso elfu themanini. Baada ya siku saba, mia na thelathini.
Baada ya kumi na nne, sitaki kuandika.
Ulilipa kwa posho ya vitabu. Ulilipa kwa kadi ya chakula
uliyomuuzia Nahuel kwa nusu bei.
Ukaanza kunywa maji moto na limau, ukayaita mlo.
Nikakuambia umepungua, umependeza.
Nilisema hivyo. Nakumbuka hata mahali: ngazini.

Kukopa harusi, kulipa matanga, walisema wenyewe.
Hawakuyaona matanga haya,
ambamo marehemu yu hai, anavaa koti jeupe aende wodini,
na waombolezaji wote wametumiwa picha yake.

Jumanne, saa tisa na robo usiku,
uso wako ule wa Pucón, mashavu mekundu kwa mvuke,
ukabandikwa juu ya mwili usio wako, na neno MWIZI,
ukaingia katika simu mia tatu na kumi na mbili:
kwa profesa Ossandón wa anatomia,
kwa fundi aliyewahi kutengeneza jiko la kuni,
kwa yule kijana wa Osorno uliyeacha kumjibu,
kwa kasisi, kwa daktari wa meno,
kwa nambari ya bibi yako aliyefariki Januari
ambayo hukuwa na moyo wa kuifuta.
Pale palibaki tiki moja. Ujumbe haukufika.
Uliniambia baadaye, katika wote,
huyo tu ndiye uliyeweza kumtazama usoni.

Asubuhi ulikaa nyuma ya soko la samaki,
simba bahari wakigombea vichwa na matumbo,
wakikubwekea.
"Hata hawa wameiona," ulisema.

Mama yako haandiki. Kutoka Lonquimay alirekodi sauti,
akaituma kwa nambari ileile iliyomtumia uchafu:
"Wewe kijana. Najua ni kijana, unakosea herufi.
Umemwita mwanangu mwizi. Huyu nilimzaa, sikumkopa.
Deni kama lipo, tutakwenda nalo polisi, karatasi mkononi.
Ila niambie, saa tisa za usiku uko macho,
nani amekufungia hapo? Umekula?"

Siku mbili, kimya.
Ya tatu wakaanza tena, kwa nambari nyingine.

Kuna jambo sijakuambia.
Usiku ule nilikuwa macho. Niliipata, niliifungua.
Kitanda chako hatua mbili kutoka changu,
nikasikia simu yako ikitetemeka juu ya ubao, ikitetemeka,
na wewe ukivuta pumzi kwa mdomo.
Nikaigeuza yangu kifudifudi,
nikaisingizia mvua usingizi.

Leo mama yako kaja na basi la alfajiri,
ana bahasha ya polisi na soksi za sufu, jozi mbili.
Moja akanipa mimi: "Wewe ndiye rafiki."
Zinawasha.
Sijazivua.